Kichupa cha Baba

6 Februari

Kwako Binti,

Karibu kwenye mpango wetu wa utafiti. Walioomba ni wengi, niliowachukua ni wachache, na wewe nimekuchukua kwa sababu kwenye maombi yako ulikiri kwamba hujui utafiti ni nini hasa. Wenzako wote walikuwa wanajua.

Mwaka huu nipo likizo ya utafiti, mbali na chuo. Wenzangu walitaka niwaachie wanafunzi wangu, nikakataa. Wao huwalea vijana kwa simu, na simu inabembeleza. Mwanafunzi akikwama anapiga, anajibiwa, anakata, na hajafikiri hata kidogo. Kwangu utaandika barua. Ukikwama utasubiri jibu langu, na mara nyingi likifika utakuta umeshajikwamua mwenyewe. Najua mnaniita Mama Wembe. Silikatai jina hilo, ila wembe haumkati anayetulia.

Tunachunguza jinsi makundi ya damu yanavyorithiwa, na kila anayeingia huanza na familia yake. Nenda nyumbani, muuguzi wa zahanati achukue damu kidogo ya baba yako, ya mama yako na yako wewe. Andika majina kwenye vichupa, vilaze kwenye barafu, umkabidhi mtunza maabara. Yeye ndiye atakayekupa siku ya kupima. Waahidi wazazi kwamba kila mmoja atatumiwa kadi yenye kundi lake la damu. Kadi tunazituma sisi, wewe usijisumbue nazo.

Mwisho wa muhula nitabaki na wawili tu wa kuendelea nao. Siangalii nani ana akili, maana akili mnazo zimejaa mpaka zinamwagika. Naangalia jambo moja: uniandikie ulichokiona, hata kama hukukipenda. Mficha uchi hazai.

Mshauri wako


27 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Damu nimeipata, ipo kwa mtunza maabara.

Baba ni fundi vioo. Amejikata maisha yake yote bila kupepesa jicho, lakini alipoiona sindano akamwuliza muuguzi kama haiwezekani achukue ya mama mara mbili. Zahanati nzima ikacheka. Baada ya hapo alishinda kutwa na kipande cha pamba mkononi, kila mteja akija anamwonyesha na kumwambia kwamba damu yake imekwenda chuo kikuu, wakati yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Nilipotaka kuitoa ile pamba alinizuia. Aliuliza pia kama kipimo kitaonyesha nimerithi mkono wake, kwa sababu mimi nashika kisu cha kukatia kioo kama anavyokishika yeye, kidole cha shahada juu. Nikamwambia damu haisemi hivyo. Akasema basi hicho kipimo bado hakijaiva.

Mama ni msusi, hajui kukaa bila kuongea, lakini siku hiyo alikuwa kimya. Mwanzoni alikataa. Aliuliza damu yake tunaitakia nini sisi watu wa chuo. Baba akamtania kwamba anaogopa sindano kuliko yeye, ndipo akakunja mkono wa gauni na kugeuza uso ukutani.

Mwalimu, nakushukuru kwa nafasi hii. Nyumbani sasa baba ananiita Profesa, hata akitaka nimletee maji.

Mwanafunzi wako


14 Machi

Mama, shikamoo,

Nakuandikia kwa sababu jambo hili si la simu. Nikikupigia saluni wateja wote wanatega masikio, nikikupigia nyumbani baba yuko ubavuni. Soma ukiwa peke yako.

Nimepima zile damu. Wewe ni O, mimi ni O, baba ni AB. Nitakueleza kama walivyonieleza mimi. Mtu wa AB ana vitu viwili, A na B, na kila mtoto anayemzaa lazima amwachie kimoja. Hana kingine cha kumpa. Mimi sina A, na B pia sina. Nimerudia mpaka dawa ya kupimia ikaniishia, nikaazima ya mwenzangu, nikapima tena. Inasema vilevile.

Wanasema kuuliza si ujinga, lakini leo natamani ningekuwa mjinga, ningekuwa nasuka nywele pamoja nawe pale saluni. Mama, kuna kitu? Kama hakuna, niandikie neno moja tu, hakuna, nitakuamini wewe na damu nitaiacha hukohuko kwenye vichupa.

Usiogope kuhusu chuo. Huyu mshauri wangu ni mkali kama pilipili, lakini yuko mbali, anaona kile tu ninachomwandikia. Sitamwandikia hili.

Mwanao


16 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Naambatanisha ripoti yangu na jedwali la matokeo. Baba ni kundi A, mama ni O, mimi ni O. Yote yamekaa sawa kama kitabu kinavyosema, na sikupata tatizo lolote.

Naomba radhi kwa ufupi wa barua. Kuna majaribio ya darasani wiki hii.

Mwanafunzi wako


25 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenikuta na kichwa cha mteja mikononi. Nusu nimeshakisuka, nusu bado. Nikamwambia ajifunge kitambaa arudi kesho, nikafunga mlango.

Neno uliloniomba ningeweza kukuandikia. Nimelianza mara ngapi sijui. Lakini umesema umepima na ukapima tena, sasa mimi ni nani nibishane na mashine.

Baba yako alikuwa amekwenda kuweka vioo kwenye jengo refu la benki, mbali, akakaa huko miezi. Mkabala na saluni palikuwa na mpiga picha. Sitajipamba mbele yako. Hakunilazimisha, hakunilaghai. Alikuwa mtu wa kuchekesha na mimi nilikuwa sijacheka muda mrefu. Baba yako aliporudi, wiki ileile yule mtu alihama. Tumbo lilipoonekana nilihesabu, na hesabu ikakubali pande zote mbili. Nikaiacha ilalie upande wa baba yako. Wazee wamesema kitanda hakizai haramu, nikashikilia hilo, nikalishika miaka yote. Ulipoanza kushika kisu cha kioo kama yeye niliingia chooni nikalia kwa furaha.

Kwa hiyo nilikuwa sijui, mwanangu. Sasa wewe umenijulisha.

Kinachoninyima raha ni ile kadi. Chuo kimemwahidi kadi yake, na kila siku anamwuliza mtu wa posta. Ikija imeandikwa AB, ataipeleka kwa kila mtu, na hapa mtaani hakosekani mwenye kujua. Heri aisikie kwangu kuliko kwa mtu wa pembeni. Nitamwambia kabla kadi haijafika. Usinizuie, barua yako ya kunizuia haitawahi.

Mama yako


2 Aprili

Binti,

Ripoti yako imenifikia. Mwandiko mzuri, jedwali safi, uongo mtupu.

Kichupa cha baba yako hukukipima. Mtunza maabara, kwa agizo langu, alikiweka kando akakupa kingine chenye jina la baba yako, na ndani yake damu ya AB ya mtu usiyemjua. Nafanya hivi kila mwaka, kwa kila mwanafunzi. Nampa jambo lisilowezekana, halafu namsubiri. Wale niliobaki nao wote waliniandikia: Mwalimu, kuna kitu hapa hakiingii akilini. Mmoja alinitukana kwamba maabara yangu ni chafu. Huyo leo ni mwalimu mwenzangu.

Wewe uliona AB, ukaandika A. Kichekesho ni kwamba damu ya kweli ya baba yako nayo ni A. Umerusha jiwe ukiwa umefumba macho, ukampata ndege. Lakini ulifumba macho, na mimi natafuta watu wa kuyafumbua. Matokeo ya kupikwa yananuka hata yakiwa matamu. Nafasi yako nimempa mwenzako.

Najua unalia. Lia, kisha unawe uso, urudi darasani, shahada yako iko palepale. Siku moja utanishukuru, na kama hutanishukuru haidhuru, sikuja duniani kushukuriwa. Nenda nyumbani uwachekeshe wazazi wako kwa kisa hiki. Baba A, mama O, wewe O, kila kitu mahali pake. Kadi zao zinatumwa wiki hii.

Aliyekuwa mshauri wako


4 Aprili

Mwanangu,

Nimemwambia.

Alikuwa anakata kioo cha kabati la mteja. Aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akamaliza kukikata, akakifuta kwa gazeti, akakiegemeza. Akauliza jambo moja tu, kama wewe unajua. Nikamjibu wewe ndiye uliyejua kwanza. Hapo ndipo alipokaa chini. Alisema, kwa hiyo alipokuja kunibembeleza nitoe damu, alikuwa ananipima. Nikasema hapana, hukujua, ni masomo tu. Hakunisikia.

Asubuhi alianza kutoa vioo vya madirisha yetu. Unajua vyote aliviweka yeye, kimoja kimoja, tangu tulipohamia. Alikwangua gundi, akavitoa bila kuvunja, akavipanga ukutani barazani, akafunga vifaa vyake. Mjukuu wa jirani alimwuliza kama nyumba inauzwa. Akamwambia nyumba si yake. Amehamia kwa baba yako mkubwa.

Mvua ya juzi imelala ndani pamoja nami. Nimetundika mashuka kwenye madirisha.

Alipokuwa anatoka nilimwuliza nikuambie nini. Akasema, mwambie mwanao asinipigie simu. Nimekuandikia kama alivyosema.

Mama yako


15 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Uliniambia nikuandikie nilichokiona hata kama sikukipenda. Sasa nakuandikia.

Nilipoiona AB nilimwandikia mama yangu. Wewe ulikuwa umeweka mtego wa kunasa mwongo, mimi nikaupokea kama ukweli. Nilimwuliza baba yangu ni nani, naye akanijibu. Kulikuwa na mtu mwingine, zamani, na mama mwenyewe hakuwahi kujua kwa hakika. Kichupa chako ndicho kilichomwondolea shaka. Akamwambia baba ili asije kuambiwa na kadi yenu. Barua yako ya kunifukuza na barua ya mama ya kuniambia baba ameondoka nilizipokea siku moja, kwa mtu mmoja wa posta. Aliniuliza kama ni za heri.

Nilisafiri mpaka kwa baba mkubwa, kaka yake baba. Alisimama mlangoni, hakunikaribisha. Baba alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Nikatoa barua yako nikaisoma kwa sauti ili naye asikie, kwamba kichupa kilikuwa cha mtu mwingine, kwamba lilikuwa jaribio. Baba mkubwa akaipokea, akaisoma mwenyewe polepole. Akasema, hapa imeandikwa fundi ni A. Haikuandikwa kwamba mtoto ni wake. Na mama yako ameshasema kwa kinywa chake. Akanirudishia, akafunga mlango. Kikohozi cha ndani kikanyamaza.

Mwalimu, sikuombi nafasi yangu. Nakuomba sentensi moja, kwa jina lako, uiandike kwa baba: Kwa damu hii, huyu ni mwanao. Mama yuko tayari kusema kwamba alitishwa na kipimo cha uongo akakiri asilolijua, na nusu ya hayo ni kweli. Baba anataka kurudi. Mtu asiyetaka kurudi angevivunja vile vioo. Anahitaji tu kitu cha kumwonyesha kaka yake.

Umewahi kusema mtafiti anawajibika kwa anachokigusa. Umetugusa.

Mwanafunzi uliyemfukuza


24 Aprili

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Ninasikitika. Sisemi hivyo mara nyingi, waulize wanaonijua. Miaka yote niliyofanya jaribio hilo, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekwenda kumwuliza mama yake. Wote walidhani vifaa vimeharibika, au wamekosea wao. Wewe peke yako uliiamini maabara yangu kuliko nyumba yenu. Hilo sikulitarajia, na kutotarajia kwangu ni kosa langu. Mwaka ujao nitatumia damu za wageni.

Sentensi unayoitaka siwezi kuiandika.

Nisikilize bila kuninunia. Baba yako akiwa A na mama yako O, mtoto wa O anawezekana. Anawezekana tu. Watu wa A wamejaa kila mtaa. Huyo mpiga picha naye anaweza kuwa A, anaweza kuwa O, na angeweza kukuzaa vilevile. Damu hii haimkatai baba yako na haimkubali. Kipo kipimo kikubwa zaidi, cha vinasaba, kinachoweza kujibu. Mshawishi atoe damu tena, gharama ni juu yangu. Lakini kuandika kwamba kipimo kimesema kitu ambacho hakikusema, hapana. Nimewafukuza vijana wenye akili kuliko wewe kwa kosa hilohilo. Nikiandika sentensi hiyo, nitakuwa niliwafukuza kwa nini?

Jambo la pili. Barua yako ya tarehe kumi na tano ndiyo ripoti bora niliyopokea mwaka huu. Umeeleza ulichokiona, ukatenganisha unachokijua na usichokijua, hata kikohozi hukukiacha. Kumbe unaweza. Nafasi yako nakurudishia. Mwenzako nitazungumza naye.

Mshauri wako


3 Mei

Mwalimu,

Nafasi mwachie mwenzangu, alishamwambia mama yake.

Kuhusu kipimo kikubwa, nilimpelekea baba ujumbe kupitia kwa shangazi. Alijibu kwamba chuo kimeshakunywa damu yake ya kutosha. Na mimi nilipumua niliposikia hivyo, maana kipimo kinachoweza kusema ndiyo kinaweza kusema hapana. Wewe ungependa kujua. Mimi sitaki kujua, nataka baba.

Kwa hiyo sentensi nimeiandika mwenyewe. Nimeipiga chapa kwenye karatasi yenye kichwa cha idara, nikaweka jina lako chini, nikaituma kwa baba. Nimekupa lugha ya upole kidogo, utanisamehe kwa hilo. Nakuambia kwa sababu uliniambia nisikufiche kitu. Unaweza kunishitaki kwa mkuu wa idara, nifukuzwe chuo kizima. Sitabisha.

Ila nakuomba, na leo napiga magoti kwenye karatasi: usimwandikie baba. Sikuombi useme uongo, najua huwezi. Nakuomba unyamaze. Kunyamaza si kupika matokeo.

Binti wa fundi vioo


20 Mei

Kwa Mheshimiwa Mwalimu wa Chuo,

Salamu. Mimi si mtu wa barua, utanivumilia mwandiko. Mimi ni yule fundi vioo, baba wa mwanafunzi wako. Kadi yenu ilifika, imeandikwa A, na barua yako ilinifikia, nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nakushukuru sana. Mtu mkubwa kama wewe kuketi na kumwandikia fundi kwamba kwa damu hii huyu ni mwanao, ni heshima.

Nimesharudi nyumbani. Mke wangu hajasema mengi na mimi sijamwuliza, tunasalimiana, tunakula. Vioo nimevirudisha, isipokuwa cha chumba cha binti. Kile kilipata ufa nilipokuwa nakitoa, jambo ambalo halijawahi kunitokea kazini. Nimemkatia kipya, kinene zaidi. Yeye bado hajaja. Nilimwambia maneno mabaya kupitia kwa mama yake, nasubiri kwanza jambo hili likamilike ndipo nimpigie, nimwite mbele ya watu wote.

Kilichobaki ni kaka yangu. Tuna kikao cha ukoo mwisho wa mwezi ujao, na yeye ndiye mkubwa wetu. Nilimwambia kitanda hakizai haramu. Akasema kitanda hakina muhuri, na barua hii nayo haina. Anasema barua ya ofisi bila muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Nimeangalia, ni kweli haina. Nadhani mlisahau, kazi nyingi.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Uniandikie tena maneno yaleyale, au hata neno moja tu, ndiyo, ugonge muhuri. Mimi mwenyewe sina shaka tena. Muhuri ni kwa ajili ya kaka. Lakini sitakuficha, nikiuona na mimi nitatulia zaidi, maana kuna wakati nakata kioo nawaza, naacha.

Binti yangu anakuheshimu sana. Siku ile alipokuja kutuchukua damu alituambia, huyu mwalimu hasemi uongo hata kwa kumfurahisha mtu. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Fundi vioo, baba wa Profesa


29 Mei

Ndugu Fundi,

Nimepokea barua yako. Nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kuijibu, na muhuri unaouomba ninao hata huku likizoni, upo hapa mezani kwangu, nautazama.

Barua uliyonayo sikuiandika mimi. Imeandikwa na binti yako. Aliniomba sentensi hiyo nikamnyima, akaiandika mwenyewe kwa jina langu, akaniomba ninyamaze. Nilikuwa nimenyamaza. Lakini sasa umeniuliza wewe, kwa mkono wako, na mtu akiniuliza sijui kufanya jambo lingine ila kumjibu.

Damu yako ni kundi A. Ya binti yako ni O, kama ya mkeo. Kwa hiyo unaweza kuwa baba yake, na unaweza usiwe. Maabara haijui zaidi ya hapo. Kosa la kubadilisha kichupa ni langu mimi, si lake wala si la mkeo, na kaka yako ukipenda mwonyeshe mstari huu, nitaugongea muhuri. Ukitaka kujua kwa hakika, kipo kipimo kingine, na nitakilipia. Usipotaka, sitakulaumu.

Binti yako sijamshitaki popote na sitamshitaki. Amekwishaandika kwa msajili kuacha chuo. Nilimwandikia kumsihi abaki, barua yangu ikarudi bila kufunguliwa. Sijui yuko wapi. Nilidhani yuko kwenu.

Jambo la mwisho ni la ofisi. Ile barua aliyokutumia naomba unirudishie, maana ina jina langu. Bahasha nimeiweka humu, na stempu nimeshaibandika.

Mwalimu